Gari Yenye Haikuingia Garaji

Sehemu ya sita

Kama gazeti ya wiki iliyopita haikukufikia, nakuambia haraka. Dada yangu Mireille anaishi Bendera, bwana yake Joël anatumika kule ku mashine za umeme. Mwaka juzi Mireille alipoteza mutoto wa mimba ya miezi nane, juu ya pikipiki, akija Kalemie kuzaa. Docta alimupasua, akamuokoa yeye peke yake. Akamwambia: "Mimba ingine ikikuja, tutakupasua tena. Na pikipiki usiikanyage."

Mimba ikakuja. Njo familia ikanunua gari ya kwenda kumuchukua. Na marke, aina ya ile gari, ni mie nilichagua. Mie Tina, miaka kumi na saba, mwenye mwalimu akimuuliza swali anaangalia viatu yake.

Niliacha pale: siku ya posho, jumamosi, asubuhi, Papa na Mama wako njiani na Mireille, wametoka Bendera saa kumi na moja ya alfajiri. Mie nimebaki na karayi ya mandazi mbele ya garaji. Telefone ikalia.

"Tina."

"Papa."

"Gari imezima."

Nilikuwa na andazi mukononi ya mukiriya mumoja. Nililirudisha mu karayi. Mukiriya akasema, "Weh, hiyo nilishalipa!"

"Imezima namna gani, Papa?"

"Imezima. Tulikuwa tunapanda mulima, ikakohowa mara mbili, ikanyamaza. Niko juu ya mulima hapa, huku njo rezo ya telefone inapatikana. Gari iko chini, Mama yako na Mireille wako ndani."

"Mireille yuko namna gani?"

Alisema: "Mupe Papa Maliki telefone."

Papa Maliki njo mwenye garaji. Iko ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili toka meza yetu. Nilizihesabuka na macho. Miaka mbili nauzisha mandazi na Mama pale, zile hatua sikuzivuka hata mara moja.

Nilivuka.

Alikuwa chini ya kamio ya mizigo, miguu tu inaonekana. Nikasema "Papa Maliki" na sauti yenye hata mie mwenyewe sikuisikia. Nikasema tena. Telefone inakula pesa ya inite ya Papa. Nikapiga kiatu yake teke.

"Nani anapiga muntu mukubwa teke?"

Nikasukuma telefone chini ya kamio.

Nikamusikia anaongea na Papa kulekule chini. "Omer! Pole. Ulitoa waya ku buji? Ukaikaribisha ku chuma?... Na mama ya Tina akazungusha ufunguo?... Moto iliruka?... Hata kidogo?"

Nikasikia anaweka nyundo chini.

"Njo delko, bwana. Ile kichwa inagawa moto ya umeme ku mabuji ya injini. Imekufa."

Alijitoa chini ya kamio polepole, telefone ku sikio, mafuta ku shavu. Ananiangalia mie na anaongea na Papa.

"Nikutumie ingine? Omer, kama ingekuwa Toyota, ningekupa sasa hivi. Niko nazo tatu, moja inazuia mulango yangu usijifunge. Ya Nissan, ya Mitsubishi, ningezunguka sokoni, mbele ya saa sita nimepata. Ya ile gari yako, ya kununua, Kalemie haiko. Kigoma haiko. Lubumbashi, sijui nani ataitafuta... Kaye? Kaye gani?... Ya Tina?"

Nilitaka kuingia mu karayi na mandazi.

"Sikia," Papa Maliki alisema. "Toa hiyo delko yako. Shuka uitoe, upande nayo mulima, unipigie. Mie nitafikiri."

Alikata. Akanyoosha mukono.

"Leta hiyo kaye."

*

Jina ya marke yetu siiandike hapa. Ni Wajapani waliitengeneza, kama zingine, na sina neno nayo. Mu kaye, daftari yangu, niliiitaka Mugeni, juu nilikuwa nayiona moja moja. Nawe uiite vile.

Ile kaye nilianza nikiwa wa tatu sekondari. Mama anaita wakiriya, mie naona haya kuita, basi nilihitaji kazi ya macho. Kila gari yenye kuingia kwa Papa Maliki ikisukumwa ao ikivutwa na kamba, naandika. Marke, tarehe, ugonjwa. Hakuna muntu alijua, mpaka Mama alipokosa karatasi ya kufungia mandazi, akapasua ukurasa.

Ule ukurasa ulifika mu mikono ya Baba mudogo Hippolyte. Ni mudogo wa Papa, dereva wa pikipiki, mudomo yake haipumzike. Ilikuwa siku ya mungu, siku ya kikao ya familia, na yeye alikuwa amesimama katikati ya watu na andazi mukononi anapiga kelele:

"Toyota njo Toyota! Tumekaa kuulizana nini hapa? Mukinunua ingine, musiniite kuja kusukuma!"

Halafu akaangalia karatasi.

"Hii mwandiko ni ya nani? Toyota sitini na tatu mu garaji? Sitini na tatu?"

Papa alijua mwandiko yangu. Akaniita mbele ya wote. Nilisoma kaye nikiangalia chini: Toyota sitini na tatu, Nissan na Mitsubishi nazo nyingi, zingine kidogo. Mugeni, moja. Moja tu mu miaka mbili, na ilikuja na pneu ya kutoboka tu.

Halafu shangazi mumoja akasema, "Huyu mutoto iko na akili ya kujificha!" Wakapiga makofi. Papa alinishika bega mbele ya wote, na mukono yake haikutoka haraka.

Baba mudogo Hippolyte njo peke yake hakupiga makofi. "Haya," alisema. "Mama Ministre wa Magari amesema."

Gari ya Mugeni ilikuwa inangoja mununuzi ku port ya ziwa, imefika toka Kigoma. Papa aliichukua siku ya tatu. Ikatembea wiki tatu bila kuchechemea hata mara moja.

*

Papa Maliki alisoma kaye yangu na kidole yenye mafuta. Alicheka mara moja. Akaacha kucheka.

"Umehesabu muzuri. Hata hii ya mwalimu, ya mwezi wa tatu, mie nilishaisahau." Akageuza ukurasa. "Na hii Mugeni, moja. Ukasema: hii njo haiharibike."

"Ndiyo, Papa."

"Tina, mu Kalemie Toyota ziko ngapi?"

"Nyingi. Sijui."

"Mugeni ziko ngapi?"

Ile swali, mu miaka mbili, sikujiulizaka.

"Zilikuja saba," alisema. "Moja ikarudi Kigoma. Zikabaki sita. Yenu njo ilikuwa inatembea. Tano zimelala mu parsele, viwanja za watu. Zije kwangu kufanya nini? Gari inaingia garaji juu inaweza kupona. Piesi ya kubadirisha iko, fundi anaijua, mwenyewe anaisukuma mpaka hapa. Ile haiponi, mwenyewe anaifunika na turubai. Wewe ulihesabu wagonjwa wangu, ukaenda kuchagua ule hakuji. Hukuuliza kama hakuji juu ni muzima ao juu alishakufa."

Macho yangu ilikuwa ku kiatu yake, pale nilipiga teke.

"Papa Maliki."

"Mm."

"Moja yenye ilikufa, najua pahali iko."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo.

"Mbele Papa hajanunua."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua kitambaa, akapanguza mikono, kidole kwa kidole.

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, Papa."

"Twende."

*

Njo kitu sikuambiaka muntu yeyote mpaka ile siku ya posho, hata nyie musomao.

Kikao ilikuwa siku ya mungu. Kesho yake Mama alinituma mayai kwa Mama Salama, nyuma ya musikiti, karibu na ziwa. Bwana yake Aboubakar anafanya biashara Kigoma, anakuja anarudi. Nilikuta mulango wazi. Katikati ya parsele, gari. Haina pneu, imekaa juu ya matofali. Kuku anaingia kwa dirisha, anatoka kwa dirisha lingine. Na mbele, chini ya mavi ya kuku, ile alama nilichora mu kaye yangu mara moja tu.

Mama Salama akasema, "Unataka mayai ngapi?"

Nikakimbia.

Nyumbani nikasema mayai imeisha. Usiku mukono ya Papa ilikuwa bado ku bega yangu, nilikuwa naisikia. Nikajiambia: ni moja tu. Nikajiambia: kaye inasema ingine. Nilichukua Bic, nikafungua ukurasa ya Mugeni, nikaifunga.

Niliona. Sikuandika.

*

Mbele ya mulango wa Mama Salama, Papa Maliki alisimama.

"Bisha wewe."

"Mie?"

"Mie na yeye hatusalimiane. Ile gari nilikuja kuitengeneza hapa kwake, nikashindwa, akaniita fundi wa baiskeli mbele ya watu wa musikiti."

Nikabisha. Mama Salama akatoka na ungo wa muchele.

"Shikamoo, Mama. Ninaomba..."

"Mie sisikii watoto wanaosemea ndani ya shingo. Paza!"

"Ninaomba delko ya gari yako!"

Hata kuku zilinyamaza. Mama Salama aliniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Na huyu fundi wa baiskeli amekuja kufanya nini?"

"Salama aleikum," Papa Maliki alisema.

"Waleikum. Sikukuuliza wewe. Musichana, delko ya nini?"

"Gari yetu imezima njia ya Bendera. Dada yangu yuko ndani na mimba, anapaswa kupasuliwa huku. Gari yetu ni kama hii yako."

Aliweka ungo chini.

"Ngoja. Si wewe njo wa mayai? Mwezi uliopita? Uliangalia gari yangu kama umeona maiti, ukakimbia na pesa yako mukononi!"

"Ndiyo, Mama."

"Na nyuma ya ile mukanunua kama hiyo?"

"Ndiyo, Mama."

Akapiga makofi moja, paa! "Allah! Mutoto wee! Si ungeniuliza ile siku: Mama Salama, gari yako ilikufa namna gani? Ningekuambia bure, na yai moja ningekuongezea!"

Niliangalia ile alama chini ya mavi ya kuku.

"Chukueni," alisema. "Bwana akirudi nitamwambia panya ilikula. Lakini kuna neno moja. Kuku yangu analalia chini ya kapo, ile kifuniko ya injini, pale batiri ilikuwa. Mayai kumi na moja, leo siku ya kumi na tisa. Mukimufukuza akikimbia, mayai yanapoa. Mutakuwa mumeua kumi na moja juu ya kuokoa mumoja."

"Wawili," nilisema.

"Nini?"

"Wawili, Mama. Mireille na mutoto."

Mama Salama alipanguza mikono ku nguo yake. Halafu akafungua kapo yeye mwenyewe, polepole, kama muntu anafungua mulango ya chumba ya mugonjwa.

"Basi umushike. Kifuani. Akitoka mikononi mwako, na wewe utoke kwangu."

Nilimushika. Alikuwa moto sana chini ya tumbo, na moyo yake inapiga haraka kuliko yangu. Alinidonoa mukono mara moja, mara mbili. Sikumwacha. Mama Salama akafunika mayai na kitenge.

Papa Maliki aliingiza ufunguo ya kufungulia skuru. Skuru ya kwanza ikatoka. Ya pili, kutu imeikamata. Akavuta, ikakataa. Akanyoosha mukono kwa nyundo.

"Nyundo hapana!" Mama Salama alilia. "Mayai!"

"Mama, bila nyundo..."

"Nimesema hapana! Ulishindwa hii gari miaka mbili na manyundo yako yote, leo utaishinda na mikono."

Papa Maliki akauma meno. Akamimina mafuta kidogo ku ile skuru, akangoja. Akavuta. Jasho inaanguka ku kitenge. Kuku akanidonoa tena, sasa damu ikatoka.

Kack! Skuru ikaachia.

Akatoa delko, nyeusi, manyoya ya kuku imegandamana juu. Akapuliza. Akazungusha muti yake ya katikati na vidole. Inazunguka. Nilitaka kucheka. Nilimurudisha kuku ku mayai yake, akakaa kama hakuna kitu ilipita.

Halafu Papa Maliki akageuza delko, akaangalia pale waya zinaingia, na uso yake ikabadilika.

"Nini, Papa Maliki?"

"Sindano. Unaona hizi sindano ndani? Moja, mbili, tatu, ine. Hizi gari ziko namna mbili. Kuna delko ya sindano ine, kuna ya sindano sita. Nje zinafanana kama mapacha. Lakini hazipokezane. Yenu ni ya ngapi?"

"Sijui."

"Wewe mwenye kuhesabu kila kitu!"

*

Baba mudogo Hippolyte alikuwa anatungojea garaji, pikipiki inanguruma. Papa alimupigia toka ule mulima, alisikia yote.

"Mama Ministre!" aliita mbele sijafika. "Iko wapi kaye yako? Ilete, tuipeleke Bendera, labda gari itawaka ikiisikia inasomwa!"

"Hippolyte, wacha mutoto," Papa Maliki alisema.

"Nimuwache? Nilisema Toyota. Nani alinisikia? Munipe hiyo delko, niende."

"Wewe utaifunga? Utaiweka mu majira yake, moto iruke ku saa yake? Tutaenda wawili. Lakini tungoje telefone ya Omer."

"Kungoja nini?"

"Masaa mbili na nusu mpaka pale, kama mvua hainyeshe. Nikifika na sindano ine, na ile gari inataka sita, nimefika na chuma ya bure. Kama ni sita, kuna Mugeni ingine ya sita mu mutaa ya Lubuye, mwenyewe atafungua mulango saa sita, naenda kuipasua kwanza. Omer ataitoa ile yake, atahesabu, atatuambia. Njo tutajua tunaenda Bendera ao Lubuye."

Baba mudogo akatema mate.

"Na kama haiingie, nitamupakia Mireille ku pikipiki."

Nilisikia sauti yangu. "Hapana."

"Nani amesema hapana?"

"Docta alisema pikipiki asikanyage. Yule wa kwanza..."

"Yule wa kwanza nani alimubeba? Si mie?" Uso yake iligeuka. Mu familia hakuna muntu anasemaka ile neno mbele yake. "Mie njo nilimubeba Mireille ku pikipiki. Unafikiri nilisahau? Njo juu ya ile nilisema Toyota, Tina. Sikuisema juu ya majivuno."

Pikipiki ilinguruma peke yake.

Tulingoja. Saa tano. Saa tano na nusu. Mandazi yangu ku meza, watu wanajichukulia na kuacha pesa, wengine bila kuacha.

Telefone ikalia.

Niliiweka ku sikio, kwa kelele ya pikipiki, na kidole mu sikio lingine.

"Papa!"

"Tina." Alikuwa anahema. "Nimeitoa. Niko nayo mukononi. Mireille, maji imetoka. Mama yako anasema bado kidogo, lakini mie naona uso ya Mama yako." Akahema. "Kaye yako inasema nini ya hizi delko? Uliandikaka kitu?"

Bado alikuwa anauliza kaye. Juu ya mulima, na mutoto wake chini, alikuwa anauliza kaye.

"Papa, kaye ni ya bure."

"Nini?"

"Niliona Mugeni imekufa kwa Mama Salama. Mbele hujanunua. Kuku wanaishi ndani. Niliona, sikusema. Papa, unisamehe."

Nilisikia upepo ya kule. Nilifikiri amekata.

"Ile siku ulirudi bila mayai," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Ulifikiri nani alienda kuyachukua?"

Nikakaa ku pneu ya zamani.

"Uliona?"

"Niliona kuku akitoka kwa dirisha."

"Juu ya nini ulinunua?"

"Tangu uzaliwe, hukusemaka mbele ya watu. Siku umesema, mie nije niseme mutoto wangu amekosea? Nikajiambia, ni bahati mubaya ya Aboubakar. Nikajiambia, Tina alihesabu." Sauti yake ikakatika, ikarudi. "Kosa si ya kaye, Tina. Mie njo nilikuwa na ufunguo."

Papa Maliki alikuwa mbele yangu, anaonyesha delko na kidole, midomo inasema: sindano, sindano!

"Papa, hesabu sindano. Ndani ya delko yako, pale waya zinaingia. Polepole."

"Kuna udongo. Ngoja, nasafisha na shati."

Baba mudogo Hippolyte amekaa juu ya pikipiki, ananiangalia. Papa Maliki amefunga mufuko wa vyombo mugongoni, ananiangalia. Hawasikii. Nikainua mukono wajue ameanza.

"Moja," Papa alisema.

Nikasimamisha kidole.

"Mbili."

Kidole ya pili.

"Tatu."

Na chini kule, mbali, sauti ya Mama. Sikuisikiaka ile sauti hata siku moja nyumbani kwetu.

"Papa Mireille! Shuka! Shuka sasa!"

"Papa, kuna ya ine? Inaishia ku ine? Papa!"

Nilisikia mawe yanaporomoka. Alikuwa anakimbia, hakukata telefone, anashuka nayo mukononi, delko mukono ingine, na rezo inabaki juu ya mulima. Hewa. Mawe. Halafu kitu hakuna.

Nikapiga. Haipatikane. Nikapiga tena. Haipatikane.

"Alisema ngapi?" Papa Maliki aliuliza.

Vidole yangu tatu ilikuwa bado juu.

"Tatu?" alisema. "Ya tatu haiko. Ni ine ao ni sita?"

Baba mudogo akageuza pikipiki, pneu ya mbele ikaangalia njia ya Bendera. Halafu akaigeuza nusu, kuangalia Lubuye. Akanigeukia. Hakuniita Ministre.

"Tina. Twende wapi? Sema, tutakusikia."

Nilikuwa nimesikia tatu tu.

Nikafungua mudomo. Yenye nilisema, usome mu gazeti ya wiki ijayo.